Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Nimefanya kazi ya ualimu kwa miaka 38. Nilianza mwaka 1972 nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, baadaye nikaenda kusoma zaidi, nikawa mkufunzi wa Kiswahili katika vyuo vya ualimu, na nilipostaafu mwaka 2010 nilikuwa mkuu wa chuo. Nilirudi kwetu Kwedizinga, nikajenga nyumba yenye baraza pana, nikapanda michungwa na mihogo, nikadhani kwamba mambo ya kufundisha na kufundishwa nimeachana nayo. Kumbe lilikuwa limebaki somo moja, na aliyenipa somo hilo alikuwa binti wa miaka 20 aliyekuja nyumbani kwangu kujifunza Kiswahili.

Huenda baadhi ya wasomaji hawajui jinsi mambo haya yanavyokwenda, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Vijana wa Marekani wamekuwa wakija kwetu kujifunza lugha tangu zamani. Wale wa kwanza wa Peace Corps walifika Tanganyika mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wenyewe. Huko Zanzibar, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo wengi tuliijua kwa jina la TAKILUKI, ilianzishwa katika miaka ya sabini na ikapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi. Vyuo vikuu vya Marekani kama vile Wisconsin na Indiana vina madarasa ya Kiswahili. Lakini darasa lina mwisho wake. Mtu anaweza kuzijua ngeli zote kwa moyo na bado akashindwa kuomba maji ya kunywa. Ndiyo maana huletwa huku wakati wa likizo yao ndefu, wakawekwa katika familia. Wao huita majira hayo kiangazi. Kwetu ni kipupwe, wakati ambapo asubuhi ukungu unashuka na wazee tunaota moto.

Mratibu wa programu moja ya namna hiyo alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Mwaka 2022 alinipigia simu. Akasema, "Mwalimu, nina wanafunzi wachache. Watasoma wiki tatu mjini, halafu wiki tano watakaa vijijini. Nitapata wapi nyumba bora kuliko ya mwalimu wa Kiswahili?" Nami nikaona ni kweli. Atapata wapi?

Binti huyo alifika Jumamosi tarehe 25 Juni, amebeba mkoba mkubwa mgongoni kama kobe. Alisema, "Shikamoo Babu," akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa. Mke wangu alicheka kwa furaha, akamkumbatia, na kabla ya jua kutua alikuwa amekwisha kumpa jina la marehemu mama yangu. Tangu hapo mimi nikawa Babu, mke wangu Bibi, naye mjukuu wetu.

Aliniambia kuwa Kiswahili kilikuwa lugha yake ya tatu. Ya kwanza ni Kiingereza. Ya pili ni Kihispania, ambacho alianza kukisoma shuleni, kisha akaenda Meksiko kukaa na familia moja likizo nzima. Alisema kuwa Kihispania alikisoma miaka minne darasani, lakini alikipata kwa wiki sita jikoni kwa mama mwenyeji wake. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe siku ya kwanza. Laiti ningeyazingatia!

Nilijipanga kama nilivyokuwa nikijipanga chuoni. Nilibandika ratiba ukutani. Nilinunua daftari na kalamu nyekundu. Kila alipofungua mdomo, nilimsikiliza kama mtu anayechambua mchele, macho yakitafuta mawe. Akisema "kitabu yangu," nilimkatiza: "Changu. Kitabu changu." Akisema "watu mingi," nilimwambia, "Wengi. Rudia." Alirudia. Akianza kunieleza habari za mama yake au za theluji ya kwao, sentensi haikufika mwisho kabla sijaona kosa. Nilikuwa nimekwisha kusahau anazungumzia nini. Sikuwa na haja na mama yake. Nilikuwa na haja na ngeli.

Baada ya juma moja niliona kwamba anazungumza kidogo. Baada ya majuma mawili alikuwa ananijibu kwa neno moja moja: "Ndiyo, Babu." "Asante, Babu." "Nimeshiba, Babu." Mratibu aliponiuliza, nilimjibu kwamba binti ni mtiifu na ana adabu, ila kichwa chake ni kizito kidogo. Mungu anisamehe.

Tarehe 7 Julai mwaka huo ilikuwa mara ya kwanza kuadhimishwa Siku ya Kiswahili Duniani, baada ya UNESCO kuipitisha mwezi Novemba 2021. Nilimketisha barazani nikampa mhadhara wa saa nzima. Nilimweleza jinsi TANU ilivyozaliwa tarehe hiyo hiyo mwaka 1954 na jinsi lugha hii ilivyotuunganisha; jinsi kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilivyoanza kazi mwaka 1930 na lahaja ya Unguja ikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu; jinsi BAKITA lilivyoundwa mwaka 1967; na kwamba leo wasemaji wanakadiriwa kuzidi milioni 200. Aliandika yote. Nilipomwuliza kama ana swali, alisema hana. Nilifurahi, maana mwalimu wa aina yangu hudhani kwamba asiye na swali ameelewa.

Siku tatu baadaye ilikuwa sikukuu ya Idi. Walikuja ndugu kutoka Handeni mjini na Korogwe, nyumba ikajaa. Binti alikuwa na kikohozi kwa sababu ya moshi wa jikoni. Shemeji yangu akamwuliza kwa upole anaendeleaje. Naye, kwa nia njema kabisa, alitaka kusema kwamba alikohoa usiku kucha. Kitenzi kilimponyoka, akatamka kingine kinachofanana nacho, ambacho watoto wadogo husemwa wamekifanya kitandani. Watu waliangua kicheko. Hicho hakikuwa kibaya. Kicheko cha sikukuu hakina sumu. Kibaya ni nilichokifanya mimi. Niliinua mkono watu wanyamaze, nikamsimamisha, nikamwambia mbele ya sinia la pilau, "Ku-ko-ho-a. Sema mara tatu." Akasema mara tatu. Uso wake ulikuwa mwekundu kama pilipili. Kisha akaenda jikoni, na sikumwona tena mpaka usiku.

Jumatano iliyofuata mke wangu alikwenda Korogwe msibani, alale huko. Nyumbani tukabaki mimi, binti, na mjukuu wangu mdogo wa darasa la pili. Jioni ile binti hakula. Nilimwuliza, "Vipi?" Akasema, "Nzuri, Babu." Hata kosa hilo nilimsahihisha: swali la "vipi" lina majibu yake. Halafu nikaenda kulala.

Asubuhi saa moja hakutoka. Saa mbili hakutoka. Nikamtuma mtoto akagonge mlango. Mtoto akarudi akisema, "Babu, dada anatetemeka, na macho yake hayako sawa."

Nilimkuta amejifunika blanketi mbili na kanga ya mke wangu, meno yanagongana. Kipaji chake kilikuwa cha moto kama jiwe la jikoni. Sikuuliza kitu. Nilimwita kijana wa jirani mwenye pikipiki, tukampakia katikati, mimi nyuma nimemshika, mshikaki kama wanavyosema vijana, tukaenda zahanati. Njiani kichwa chake kilikuwa kimelala begani kwangu, na mimi nilikuwa nawaza nitawaambia nini wazazi wake.

Muuguzi alimwingiza ndani, akaniambia nisubiri nje. Nilikaa kwenye benchi chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia muuguzi akiuliza, "Haya, mdogo wangu, niambie unaumwa nini." Na hapo nikasikia sauti niliyokuwa siijui.

Alisema, "Kichwa yangu inauma sana tangu jana asubuhi. Usiku nilisikia baridi, halafu jasho mingi mingi, halafu baridi tena. Nilitapika mara mbili, nikatupa nje kwa sababu sikutaka Babu aone. Dawa ya kinga niliacha wiki mbili, ilinipa ndoto mbaya, kila siku ndoto ya kuanguka. Bibi hayuko, amekwenda msiba. Kama Bibi angekuwa, ningemwambia."

Muuguzi hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa akiitikia tu, "Enhe, pole, uliacha lini? Ulitapika saa ngapi?" Na binti akaendelea kama maji yaliyofunguliwa mfereji. Makosa yalikuwamo, nami niliyahesabu kwa mazoea, lakini mganga hakukosa hata jambo moja alilolihitaji. Kipimo kilionyesha malaria. Akapewa dawa ya mseto, akalazwa kitandani hapo mpaka jioni wamwangalie. Muuguzi alipotoka aliniambia, "Mzee, mngechelewa mpaka kesho ingekuwa habari nyingine. Lakini mjukuu wako anajua kujieleza! Nani kamfundisha?"

Nilishindwa kujibu.

Nilirudi nyumbani kumchukulia nguo na mswaki. Juu ya kitanda chake lilikuwa lile daftari nililomnunulia, limefunguka, na kalamu iko katikati. Sikusudii kujitetea kwa kusoma daftari la mtu, nilisoma. Pembeni alikuwa ameandika: saa tisa usiku. Chini yake kulikuwa na sentensi nne.

Ya kwanza: "Babu, mimi ni baridi." Imekatwa.

Ya pili: "Babu, mimi nina baridi." Imekatwa.

Ya tatu: "Babu, baridi imenishika mimi." Imekatwa.

Ya nne: "Babu, ninasikia baridi, tafadhali nisaidie." Hii haikukatwa. Lakini mbele yake kulikuwa na alama ya kuuliza, na chini yake ameandika: "ninasikia au ninaona?"

Nilikaa kitandani. Msomaji, wewe unayekifahamu Kiswahili unajua kwamba yote mawili ni sahihi. Sisi baridi tunaisikia, na tena tunaiona, kama tunavyoiona njaa. Nami nilikuwa nimemfundisha moja tu, la kuona, na kumwambia kwamba ndilo. Baadaye alinieleza safari ya sentensi zile. Waingereza na Wamarekani husema mtu "ni" baridi. Ndiyo ile ya kwanza. Wahispania husema mtu "ana" baridi. Ndiyo ya pili, maana akili yake ilipokosa Kiswahili ilikimbilia Kihispania. Ya tatu aliitunga mwenyewe, nayo si mbaya hata kidogo. Kwa hiyo mtoto mgonjwa, saa tisa za usiku, alipita lugha tatu akimtafuta mtu aliyelala chumba cha pili, akafika mlangoni kabisa, akasimama pale kwa sababu ya swali ambalo majibu yake yote mawili yalikuwa ya kweli. Na hata ile sentensi ya kwanza kabisa, yenye kosa, ingetosha kuniamsha.

Mke wangu aliporudi nilimsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto huyu huongea na mimi tangu jua linachomoza. Anajua kuchuma mchunga, anajua kusonga ugali, amenisimulia habari za dada yake aliyeachika na bibi yake aliyekufa kwa korona. Alinisimulia hata alivyofika Meksiko akataka kusema kwamba anaona haya, akasema ana mimba, maana maneno hayo yanataka kufanana kwa Kiingereza na kwa lugha yao. Anasema yule mama alicheka mpaka akatoa machozi, halafu akamwuliza, 'Sasa niambie, unaona haya ya nini?' Basi, tangu siku hiyo hakuogopa tena." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Wewe hukumwuliza anaona haya ya nini."

Usiku ule sikulala vizuri, na katika kukosa usingizi alinijia mtu mwingine.

Mwaka 1987 nilikuwa nakagua mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja, kijana wa Kizigua kama mimi, alikuwa anafundisha darasa la tano. Alikuwa na sauti nzuri, watoto wanamfuata kwa macho. Aliandika ubaoni: "Samani ya maji." Alikusudia thamani. Wengi wetu tuliolelewa kwa lugha za bara, "th" na "dh" hazikutoka kwenye maziwa ya mama, tulizipata shuleni. Nilikuwa nimekaa nyuma na kalamu yangu. Badala ya kungoja kipindi kiishe, nilisimama nikasema, "Mwalimu, hilo ni somo la maji au la meza na viti?" Watoto walicheka. Yule kijana aligeuka ubaoni, akafuta, akashika chaki, na hakuandika tena. Alisimama hivyo mpaka kengele ikalia. Alimaliza chuo, akapangiwa kituo cha kazi, na hakuripoti. Nilipoambiwa nilisema kwamba ualimu ni wito, na asiyeitwa haendi.

Nilisema hivyo mimi, ambaye katika miaka ya sitini, nikiwa shule ya kati, nilivishwa shingoni kipande cha mbao kwa kosa la kusema Kizigua uwanjani. Kipande kile ulikivaa mpaka umsikie mwenzako akikosea, ndipo umpe yeye. Nilikuwa nimekichukia kipande kile maisha yangu yote. Sikujua kwamba nilikuwa bado nakitembeza, nikitafuta shingo ya kukivisha.

Nikakumbuka pia jambo ambalo sisi wa Handeni tumeliona kwa macho yetu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani mpaka Somalia, wakaishia bonde la Mto Juba. Vita vilipovunja nchi ile mwaka 1991, baadhi ya wajukuu zao walikimbilia Tanzania, wakapokelewa hapa wilayani, baadaye wakapewa makazi Chogo, na wengi wakapata uraia wa nchi hii. Walipokuja, wazee wetu waliwasikia wakisema Kizigua. Zaidi ya miaka mia moja, ugenini, bila kitabu, bila kamusi, bila mkaguzi! Maneno mengine yalikuwa yamegeuka, mengine ya Kisomali yameingia, lakini watu walielewana. Nilikuwa nimelisimulia jambo hilo mara nyingi kama ajabu. Usiku ule nililiona kama jibu. Lugha ile haikuhifadhiwa na watu waliosahihishwa. Ilihifadhiwa na watu waliosikilizwa na mama zao.

Sisemi kwamba makosa yaachwe. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote na bado naipenda; mtu asiyejua tofauti ya thamani na samani atapata hasara siku moja. Ninachosema ni kwamba kuna wakati wa kusahihisha, na wakati huo huja baada ya kusikia. Muuguzi yule alifanya hivyo. Siku ya pili binti alipoeleza tena habari ya "kichwa yangu," muuguzi alimjibu, "Kichwa chako bado kinauma?" Naye akajibu, "Hapana, kichwa changu hakiumi." Kosa limeondoka, na hakuna aliyevuliwa nguo.

Binti alipopata nafuu nilimwomba radhi. Si jambo jepesi kwa mzee wa miaka 72 kumwomba radhi mtoto wa miaka 20, na sikulifanya kwa ufasaha. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, nilikusikiliza kwa kalamu." Hakuelewa. Nikasema tena, "Nilisikia makosa, sikukusikia wewe." Hapo akaelewa, akalia, nami nikajifanya ninaangalia michungwa.

Tukakubaliana jambo. Katika siku zilizobaki, kila jioni yeye atasema kwa robo saa bila kukatizwa, kisha mimi nitasema makosa matatu tu, si zaidi. Halafu yeye atanifundisha Kihispania kwa robo saa. Lilikuwa wazo lake.

Msomaji, usijaribu jambo hilo kama hutaki kujijua. Kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka arobaini nilikuwa mwanafunzi wa mwanzo. Nilitoka jasho. Wahispania wana neno "pero," maana yake lakini, na lingine "perro," lenye "r" ya kuviringisha ulimi, maana yake mbwa. Jioni moja nilitaka kusema, "Mimi ni mzee lakini nina nguvu." Nikasema, "Mimi ni mzee mbwa nina nguvu." Mke wangu, ambaye hakujua neno hata moja, alijua kutokana na uso wa binti kwamba pametokea jambo, akaanza kucheka. Lakini binti alingoja. Aliacha sentensi yangu ifike mwisho, ikiwa na mbwa wake ndani. Kisha akasema, kwa Kiswahili, "Kweli Babu, una nguvu. Nguvu ya kufanya nini?" Nikamjibu, ya kulima. Ndipo akanionyesha jinsi ya kuweka ulimi. Nilihisi jinsi mtu anavyohisi anapongojwa.

Aliondoka Jumamosi tarehe 30 Julai. Alikuwa bado anakosea ngeli. Alikuwa pia amekwisha kuwaaga majirani wote nyumba kwa nyumba, akimwuliza kila mmoja habari za mgonjwa wake na mbuzi wake.

Mwezi Septemba nilimtafuta yule kijana wa mwaka 1987. Hakuwa kijana tena. Nilimkuta shambani kwake, ana michungwa mingi kuliko yangu, na watoto wake wamesoma. Hakuharibikiwa na maisha, nashukuru. Alinisalimu kwa heshima, akaniletea kiti. Nilipomkumbusha siku ile, alitabasamu akasema, "Thamani." Alilitamka vizuri kabisa, ulimi kati ya meno. "Neno hilo sijalikosea tena, Mwalimu."

Nikamwambia kwamba nimekuja kumwomba msamaha. Alichuma chungwa, akalimenya taratibu, akanipa. Kisha akasema, "Hata mkutano wa kijiji huwa sisimami. Nikiwa na hoja namnong'oneza jirani yangu, ndiye anayesimama kuisema. Watu wanasema jirani yangu ana hekima sana." Akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikula lile chungwa mpaka likaisha, na kila nilipotaka kusema neno, aliningoja.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo nimeifundisha miaka mingi. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba maana yake ni chakula: akija mgeni, huchinjwa kuku, na mwenyeji naye anashiba. Maelezo hayo si mabaya, na katika mtihani ningempa mtu alama zote. Lakini sasa najua kwamba mwenyeji anaweza kuwa mgonjwa kwa ugonjwa ambao kuku hauondoi.

Binti bado hututumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Juzi alituambia habari ya mchumba wake, maneno mengi, ngeli zimechanganyika kama kunde na mahindi. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikamwuliza kijana huyo ni mtu wa namna gani na kama wazazi wanamfahamu. Makosa sikuyahesabu. Nasema kweli, niliyahesabu kidogo. Mazoea yana taabu. Lakini sikuyasema.

Ikiwa una mtoto, au mwanafunzi, au mgeni anayehangaika na neno mbele yako, mngoje. Huenda analotaka kukuambia ni kwamba anasikia baridi.